Fungo na Fungu la Kati

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama waliokosa uji. Nasema, paukwa!

— Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio nipeni mimi. Na wewe uliyejibanza nyuma ya gunia, usicheke. Hadithi hii inakuhusu. Inatuhusu sote, wakubwa kwa wadogo.

Hapo zamani, zamani za kale zenyewe, kabla bibi wa bibi yangu hajajua kutambaa, palikuwa na bonde. Liliitwa Bonde la Mikuyu. Lilikuwa na chemchemi moja, majani ya kutosha, matope ya kutosha, na wanyama wa kila namna. Halikuwa pepo. Kiangazi kikija, wanyama walikonda. Chui akipita, kuna aliyelia. Lakini walikuwapo. Walikula, walizaa, waligombana, walipatana, wakaamka kesho yake wakagombana tena.

Mkuu wa bonde alikuwa Nyati. Walimwita Jumbe. Jumbe Nyati alikuwa na pembe nene na moyo mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Alipenda sifa. Akisikia bonde la ng'ambo limesifiwa, hali majani. Kweli kabisa! Atalala chini, atapiga kwato, pu! pu! pu! "Mbona sisi hatusifiwi? Kwani wanyama wangu hawana furaha?"

Siku moja akaja mgeni. Fungo. Mnamjua Fungo? Yule mwenye madoa ubavuni na miviringo mkiani, anayenukia zabadi, ukipishana naye njiani utadhani anatoka harusini. Alikuja taratibu, nyata, nyata, nyata. Akainama mbele ya Nyati.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Una shida gani, mgeni?"

"Mimi sina shida, Jumbe. Shida unayo wewe. Unatawala wanyama, na hujui kama wana furaha au hawana."

Jumbe akajiinua. "Furaha inajulikanaje?"

"Inapimwa," akasema Fungo. "Kwa vijiwe."

Akachimba shimo karibu na chemchemi, kru-kru-kru. Akalizungushia vijiwe vyeupe, vingi. Akaeleza. Kila siku ya saba kila mnyama aje mbele ya shimo. Ajiulize moyoni, maisha yangu yana utamu kiasi gani? Utamu ukijaa, atie vijiwe kumi. Ukiwa nusu, atie vitano. Ukiwa kidogo, atie kimoja.

"Kisha tunavitoa vyote," akasema Fungo, "tunavigawa sawa kwa sawa, kila kichwa na fungu lake. Fungu hilo ndilo fungu la kati. Likiwa dogo, bonde lina huzuni. Likipanda, bonde lina furaha. Fungu la kati halidanganyi."

"Halidanganyi?"

"Vijiwe havina mdomo, Jumbe. Vitadanganya kwa nini?"

Jumbe akapendezwa. Mbiu ikapigwa. Wanyama wakaja, mmoja mmoja.

Akaja Chura. Chura alikuwa na dimbwi lake na sauti yake, na zaidi ya hivyo hakutaka kitu. Akatia kumi. Chwa! chwa! chwa! mpaka kumi. Akaja Pundamilia, akatia sita. Akaja Bi Kanga, ndege wa madoadoa, akatia vitano. Akaja Mzee Ngiri. Mkewe alikuwa ameliwa na chui masika yaliyopita, na tangu hapo alitembea ameinamisha kichwa. Akasimama mbele ya shimo. Akasimama sana. Akatia kijiwe kimoja.

Tik.

Fungo akamtazama. Akageuka. Akamtazama tena.

Vijiwe vikagawanywa. Fungu la kati likawa vitano.

"Vitano tu!" akalia Jumbe. "Na ng'ambo je?"

"Nasikia saba," akasema Fungo.

Alisikia kwa nani? Hakusema. Nani alimuuliza? Hakuna aliyemuuliza. Ila Bi Kanga aliinua shingo, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

Sasa huyo Kanga, lazima mjue, ni ndege wa shaka. Kabla hajadonoa punje moja ataangalia majani mara tatu. Kivuli kikipita, "Ke-ke-ke-ke!" Jani likianguka, "Ke-ke-ke-ke!" Wenzake walimcheka. Walisema, "Bi Kanga hata yeye mwenyewe hajiamini." Naye aliwajibu, "Cheka wewe, mimi niko hai."

Siku saba zikapita. Wanyama wakakutana shimoni. Wakatia vijiwe. Chura kumi. Pundamilia sita. Bi Kanga vitano.

Mzee Ngiri hayupo.

"Amehama," akasema Fungo. "Amekwenda kwa wakwe zake, nyuma ya kilima."

Vijiwe vikagawanywa. Vitano na kipande! Jumbe akaruka juu, pu! Ngoma ikapigwa. "Furaha imepanda! Furaha imepanda!"

Bi Kanga akanyoosha shingo. "Samahani, Bwana Fungo. Wakwe gani? Marehemu mkewe Ngiri si alizaliwa papa hapa, kwenye shimo la chini ya mkuyu ule?"

Fungo akatabasamu. "Basi ni jamaa zake wengine, Bi Kanga. Jamaa hawakosekani."

Siku saba nyingine. Dada Digidigi hayupo. Mnajua digidigi huishi wawili wawili, mume na mke. Huyu mumewe alikufa kwa homa, na yeye akawa anatia vijiwe viwili. Fungo akasema, "Amekwenda kutafuta mume."

Siku saba nyingine. Kima kipofu hayupo. "Amekwenda kutibiwa."

Siku saba nyingine. Hondohondo aliyevunjika bawa hayupo. "Ameruka usiku," akasema Fungo.

"Ameruka?" akauliza Bi Kanga. "Kwa bawa lipi?"

Jumbe hakusikia, au alijifanya hakusikia. Maana fungu la kati lilikuwa limefika sita, na sifa zimeanza kuvuma. Kunguru walipita juu wakisema, "Bonde la Mikuyu! Bonde la furaha! Kwaa!"

Furaha gani hiyo, wanangu? Sikilizeni. Wanyama walianza kucheka bila kuchekeshwa. Nyani mama alimfinya mwanawe, "Usilie hapa, watakuona." Swala akikohoa, mwenzake anamtazama kwa pembe ya jicho. Kila mmoja alimchunguza jirani yake, nani ana uso wa vijiwe viwili? Nani ana sauti ya vitatu? Na kila siku ya saba walipohesabu vichwa, walijifanya hawahesabu.

Bi Kanga akamfuata Pundamilia malishoni.

"Kaka, Fungo alipokuja ulitia vingapi?"

"Sita."

"Na juzi?"

Pundamilia akatazama nyuma. Akatazama kushoto. Akanong'ona, "Juzi nilitia saba. Lakini moyoni ni vitano. Naogopa."

Akamfuata Swala. Moyoni vitano, shimoni saba. Akamfuata Twiga. Moyoni vilevile kama zamani, wala havikuongezeka. Akarudi kwake anajikuna kichwa kwa ukucha.

"Furaha imepanda," akajiambia. "Lakini nimezunguka bonde zima, sijamwona hata mmoja aliyefurahi zaidi. Sasa hiyo furaha iliyopanda ni ya nani?"

Sema nami: ni ya nani?

— Ya nani!

Naam. Hilo swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wakati huo Bi Kanga alikuwa ametaga. Mayai kumi na mawili, kwenye nyasi ndefu, chini ya kichaka cha miiba. Alikuwa ameyalalia siku nyingi, na yalikaribia kuanguliwa. Asubuhi moja akasikia harufu ya zabadi. Nyata, nyata, nyata. Fungo huyo.

"Hodi, Bi Kanga."

"Sema ukiwa hapo hapo, Bwana Fungo."

Fungo akakaa. Akayatazama mayai. "Kumi na mawili. Mengi."

"Kanga hutaga."

"Hutaga, ndiyo. Nimekuja kwa amri ya Jumbe. Tuzungumze kama watu wazima. Kifaranga wa kanga, siku zake za mwanzo ni woga mtupu. Mwewe juu, nyoka chini. Akija shimoni atatia vingapi?"

"Nitajuaje? Hajazaliwa."

"Vitatu. Akibahatika, vinne."

"Vinne si vibaya. Kuna jua, kuna mchwa, kuna mama."

"Si vibaya kwake," akasema Fungo, tena kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Lakini bonde sasa liko karibu na saba. Tukiingiza kumi na wawili wenye vinne vinne, fungu la kati litaanguka. Kazi yetu yote itaharibika."

"Watapenda kuishi, Bwana Fungo."

"Sijasema hawatapenda. Nimesema hawatafika saba."

Bi Kanga akasimama. Manyoya yalimsimama pia, moja baada ya jingine. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, kabla ya siku ya saba, yavunje. Au nenda kayaangulie nje ya bonde. Nje hakuhesabiwi."

"Kanga hazai ugenini. Hata watoto wanajua."

"Basi yavunje," akasema Fungo. Akaondoka. Nyata, nyata, nyata.

Bi Kanga akayakalia tena mayai yake. Chini ya kifua chake akasikia kitu kikigonga kutoka ndani ya ganda. Ti. Ti. Akaweka kichwa chini akasikiliza, machozi yakamtoka. Kisha machozi yakakauka, shaka ikaja.

"Nje hakuhesabiwi," akasema. "Mbona neno hilo limemtoka haraka hivyo? Aliwaambia wangapi neno hilo?"

Asubuhi ikapambazuka. Akamwita shoga yake Kwale. "Shoga, yakalie mayai yangu. Nakwenda mahali."

"Mahali gani?"

"Ningepajua ningekwambia."

Kwale ni ndege mdogo. Mayai kumi na mawili ya kanga! Akajitandaza, akajitandaza, hadi akawa kama mkeka. "Nenda," akasema, "ila usichelewe, nitapasuka."

Bi Kanga akafuata harufu. Maana Fungo ana tabia hiyo, kila njia anayopita mara kwa mara huipaka zabadi yake. Akanusa jiwe, liko. Akanusa kisiki, kiko. Harufu ikapanda kilima, naye akapanda. Ikavuka jiwe la mpaka, naye akavuka. Ikashuka upande wa pili, kwenye Korongo Kavu, mahali ambapo hakuna mti wala kijito, mawe tu na jua.

Pale akaona kwato ndogo. Ndogo kama njugu mawe. Karibu na kwato, mifupa myembamba, na ngozi imekauka juu yake. Dada Digidigi.

Bi Kanga hakupiga kelele. Yeye aliyepigia kelele kila jani, siku hiyo sauti ilikataa. Alisimama tu.

"Usikae juani," ikasema sauti. "Njoo huku kwenye ufa."

Alikuwa Mzee Ngiri. Amekonda, mbavu zinahesabika. Amechimba ufa wa mwamba kwa meno yake ya nje mpaka amepata unyevu kidogo, tope la kulamba. Kando yake amelala Kima kipofu, na Hondohondo mwenye bawa lililovunjika. Na wengine wawili ambao Bi Kanga hakujua hata kama wametoweka.

"Mzee Ngiri! Uko hai!"

"Niko, mwanangu."

"Nani amekuleta huku? Amekufunga? Amekupiga?"

Ngiri akainamisha kichwa. "Hakunipiga. Alinifuata pale matopeni, akakaa nami, akasema maneno laini. Alisema, 'Mzee, wewe unatia kijiwe kimoja. Bonde zima linashuka kwa ajili yako. Watoto wote wanaocheza pale, unawaibia furaha yao. Ukiwapenda, ondoka.' Nikaona haya. Nikaondoka kwa miguu yangu."

"Na Digidigi?"

"Naye alikuja kwa miguu yake. Siku ya tatu alikaa chini, akasema amechoka. Nilimletea tope alambe. Hakulamba."

Upepo ukapita korongoni, fuuu.

"Mzee," akasema Bi Kanga, "nikuulize neno. Ulipotia kijiwe kimoja, ulitaka kufa?"

Ngiri akainua kichwa kwa haraka, kama aliyetukanwa. "Kufa? Nani kasema kufa? Mke wangu amekufa, ni kweli. Jino limenioza, linaniuma usiku na mchana, ni kweli. Lakini asubuhi jua likitoka, nikijigaragaza kwenye tope la baridi... mwanangu, utamu ule ni wangu. Ni mdogo, lakini ni wangu. Ndiyo maana nilitia kimoja. Kama maisha yasingekuwa na ladha hata chembe, si ningepita bila kutia kitu?"

Bi Kanga akatikisa kichwa polepole. "Twende nyumbani."

"Nitawaharibia."

"Utamharibia nani? Nimezunguka bonde zima, Mzee. Ulipoondoka hakuna aliyefurahi hata kidogo zaidi. Hakuna hata mmoja! Wamezidi kuogopa tu. Kama uliiba furaha yao, mbona ulipoondoka hawakuipata?"

Ngiri akafikiri. Akafikiri mpaka jua likasogea. Kisha akainuka, kwato zake zikalia juu ya mawe, ko, ko, ko. Kima kipofu akamshika mkia. Hondohondo akapanda mgongoni mwake. Wale wawili wakafuata nyuma.

Siku ya saba ikafika. Wanyama wako shimoni. Jumbe amejisugua pembe zinang'aa. Fungo amesimama karibu na vijiwe.

"Leo," akatangaza Fungo, "bonde litafika saba. Lakini kwanza, Bi Kanga yuko wapi, na mayai yake?"

"Ke-ke-ke-ke!"

Wakageuka. Bi Kanga huyo anashuka kilimani, na nyuma yake Mzee Ngiri, na nyuma yake wengine. Nyani mama akaziba mdomo. Twiga akainamisha shingo yake yote. Jumbe akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee Ngiri," akasema Jumbe, "si ulikwenda kwa wakwe zako?"

"Nilipelekwa Korongo Kavu, Jumbe. Digidigi amefia huko."

Kisha kelele, kelele, kelele! Fungo akainua mkono mmoja. Hakukimbia. Hakutetemeka. Na hilo, wanangu, ndilo lililomtisha Bi Kanga kuliko yote, kwamba yule Fungo hakuona haya.

"Sikumuua mtu," akasema Fungo. "Sikumla mtu. Tazameni tumbo langu, naishi kwa matunda na panzi. Mlitaka bonde la furaha, nimewapa. Fungu lilikuwa vitano, leo ni karibu saba. Kati ya bonde la saba na bonde la vitano, mnachagua lipi?"

Wengine wakaanza kusitasita. Ni kweli, saba ni zaidi ya vitano.

Bi Kanga akaruka juu ya jiwe. "Nami nina swali dogo. Yeyote ambaye moyoni mwake ana kijiwe kimoja zaidi ya siku ile Fungo alipokuja, asogee mbele."

Wakatazamana. Pundamilia hakusogea. Swala hakusogea. Twiga hakusogea. Hata mmoja.

"Hakuna," akasema Bi Kanga. "Hakuna aliyeongezewa. Waliokuwa na kidogo wametolewa, basi. Ukiwatoa vilema wote ukumbini, utasema umeponya miguu?"

"Usipotoshe watu," akasema Fungo.

"Sijamaliza. Leo fungu ni saba, siyo? Mwenye sita ataliangusha, siyo? Basi aondoke."

"Kwa hesabu... ndiyo," akasema Fungo.

"Akiondoka mwenye sita, fungu litapanda mpaka nane. Mwenye saba atakuwa chini. Naye aondoke?"

Fungo akatazama vijiwe. "Kwa hesabu, ndiyo."

"Kisha mwenye nane. Kisha mwenye tisa. Daima atakuwapo aliye chini ya kati. Nani atabaki?"

Macho yote yakamgeukia Chura. Chura wa vijiwe kumi. Alikuwa dimbwini amevimbisha koo, anataka kuimba. Akaona anatazamwa.

"Mimi?" akasema Chura. "Peke yangu? Bonde zima?"

"Bonde lenye furaha kuliko yote duniani," akasema Bi Kanga. "Fungu la kati ni kumi kamili."

Koo la Chura likanywea, fyuu. "Na nitamwimbia nani?" Akaingia majini hadi machoni. "Hapana. Hapana jamani. Msiniachie."

Kuna waliocheka. Jumbe Nyati hakucheka. Alikuwa amesimama anatazama ardhi, na pumzi zake zilikuwa nzito, hff, hff.

"Jumbe," akasema Bi Kanga, kwa adabu, "wewe hujawahi kutia. Ungetia vingapi?"

Jumbe akainua kichwa. Kisha akajibu, na sauti yake haikuwa ya jumbe tena. "Viwili. Nilijua Hondohondo hawezi kuruka. Nilijua, nikacheza ngoma. Tangu hapo sipati usingizi."

"Basi Jumbe aende Korongo Kavu," akasema Bi Kanga. "Kwa hesabu."

Fungo akaokota kijiwe. Akakirudisha chini.

Hapo akaruka Panya Buku, mwenye watoto arobaini, masharubu yanamcheza. "Mimi nilisema tangu zamani! Tatizo ni fungu! Tusipime fungu, tupime lundo! Vijiwe vyote kwa pamoja! Mimi nitazaa, watoto wangu watazaa, tutajaa bonde hili mpaka pasiwe na pa kukanyaga. Kila mmoja atakuwa na njaa, sawa, atatia kijiwe kimoja. Lakini lundo, jamani! Lundo litakuwa kilima!"

Wengine wakasema, "Enhe! Ana hoja."

Bi Kanga akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Nawe kaa chini, Buku. Yule alitupunguza ili fungu linenepe. Wewe unataka kutubana mpaka tukose pumzi ili lundo linenepe. Wote wawili mnanenepesha mawe."

"Sasa tupime nini?" akauliza Pundamilia.

"Sijui," akasema Bi Kanga. "Mimi ni kanga. Ninachojua, jirani akilia, kabla hatujamhesabu tumuulize analilia nini. Nani kati yenu alimuuliza Mzee Ngiri?"

Jumbe akasogea mpaka karibu na Ngiri. Akainamisha pembe zake zote mpaka zikagusa udongo.

"Mzee Ngiri. Nisamehe. Nini kinakuuma?"

"Jino," akasema Ngiri.

Jino! Nyani wakaleta ukambaa wa mti. Wakafunga. Twiga akashika upande wa pili kwa meno. Moja, mbili, tatu, ng'oa! Pwaa! Ngiri akalia kilio kimoja kikubwa, akatema damu, akanyamaza. Akajipapasa taya kwa ulimi. Mke wake hakurudi, wanangu. Wafu hawarudi kwa kung'olewa jino. Lakini alikwenda chemchemini akanywa maji ya baridi bila kukunja uso, na wote wakamtazama akinywa.

Wengine walitaka Fungo afukuzwe. "Naye apelekwe korongoni! Anatuharibia furaha!" Bi Kanga akakataa. "Tukimtoa kwa sababu hiyo, tumeifanya kazi yake vizuri kuliko yeye." Basi Jumbe akaamuru Fungo afuate njia zake zote za zabadi, moja moja, awatafute wote aliowapeleka nje, awarudishe. Ukiwajumlisha na waliokuja na Bi Kanga, alikuwa amewapeleka tisa. Sita walirudi kwa miguu yao. Mmoja alibebwa. Wawili hawakurudi tena: Digidigi, na swala mmoja mzee ambaye hata jina lake walikuwa wamelisahau. Hilo liliwauma sana, kwamba wamelisahau.

Shimo likafukiwa. Vijiwe vikatupwa majini, chubwi, chubwi, chubwi.

Na Kwale je? Kwale walimkuta bado amejitandaza, miguu imekufa ganzi, anatukana. Mayai yakaanguliwa siku ya pili yake. Vifaranga kumi na mmoja. Yai moja halikuwa na kitu. Mwewe alichukua wawili kabla ya masika. Mmoja alikuwa na mguu uliopinda, akawa anachelewa kila mahali, na kila asubuhi alipiga kelele wamsubiri. Nao walimsubiri.

Jumbe Nyati alikwenda Korongo Kavu peke yake, mchana wa jua kali, akachimba kwa pembe mpaka zikachubuka, akamzika Digidigi. Kunguru walipita juu wakauliza, "Jumbe, bonde lako siku hizi lina vingapi?" Akawapa mgongo, akashuka bondeni.

Basi wanangu, na nyinyi watu wazima mnaojifanya mnaangalia mahindi, mafundisho ndiyo haya. Ukiambiwa furaha imepanda, uliza imepanda kwa nani. Ukiona hesabu inapendeza na vichwa vinapungua, tia shaka, tena tia shaka mapema. Na mwenye kijiwe kimoja, kijiwe chake ni chake. Usimwondoe ili uonekane tajiri wa furaha.

Hadithi yangu imeishia hapo, sina nyingine mfukoni. Aliyeisikia aibebe, aliyesinzia amuulize jirani yake. Haya, mikono kwenye mahindi.